Umefungua biashara Mwanza? Kachukue jina lako mtandaoni kabla hujapaka rangi fremu

Mimi nauza dagaa. Dagaa wa ziwa hili letu, wakavu, kwa gunia na kwa pakiti, mzigo nachukua mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na mwingine unashuka kutoka visiwani, na websaiti yangu sikuijenga kwa sababu nilisikia ni mambo ya kisasa. Niliijenga kwa hasira. Nilikuwa na peji kwenye mtandao mmoja wa picha, siutaji maana nusu ya kosa ni langu, watu kama elfu sita niliowakusanya mmoja mmoja kwa miaka mitatu. Siku moja ikaja meseji eti nimetumia picha ya mtu bila ruhusa, nibonyeze hapa nijitetee ndani ya masaa 24 la sivyo peji inafutwa. Niko juu ya bodaboda naelekea Igoma, jua kali, nikabonyeza, nikaweka nywila, nafika Igoma peji sio yangu tena. Wiki hiyohiyo wateja wangu wawili wa Dodoma wakatumiwa namba ya kulipia ambayo siijui. Mmoja alilipa. Mpaka leo akinipigia namsikia kabisa kwamba moyoni bado ananidai.

Na sio lazima uibiwe. Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika vyote kwa pamoja dunia nzima kwa masaa kama 6. Hakukuwa na mdukuzi wala nini, ni wenyewe walibadilisha mipangilio kwenye mitambo yao ikaenda kombo. Aliyekuwa na websaiti yake siku ile aliendelea kuonekana, aliyekuwa na peji peke yake alifunga duka bila kupenda.

Kama uliwahi kwenda Sengerema au Geita zamani kidogo unaikumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo. Magari yamejipanga, watu wameshuka kunyoosha miguu, huku mahindi ya kuchoma, huku sato wa kukaanga, karanga, soda za baridi zinapitishwa dirishani. Foleni ndo ilikuwa soko. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 za lami juu ya maji, gari linapita dakika chache limeshafika ng'ambo, na foleni ikafa. Hakuna aliyewafanyia ubaya wale wauzaji, daraja tulilitaka wote. Ila wateja hawakuwa wa kwao, walikuwa wa foleni. Peji yenye watu elfu sita ndo hivyohivyo aisee, foleni ya kivuko, unauza vizuri tu mpaka siku mtu mwingine kabisa aamue kujenga daraja.

Sasa kabla sijaendelea niseme ukweli, maana mafundi wengi wa websaiti hawatakuambia. Sio kila biashara inahitaji. Kama unakaanga chipsi Mabatini na wateja wako ni watu wa mtaa huohuo wanaokuja na ndala, baki na jiko lako na WhatsApp, hiyo hela nunua mafuta. Websaiti inalipa pale mteja anapokutafuta kabla hajakuona: yaani mwenye biashara anauza jumla mikoani, ana gesti au loji, anapokea watalii, anatengeneza fanicha, ana kliniki, shule, ni fundi wa sola, anakodisha gari, anasafirisha mzigo. Mtu ambaye mteja wake kabla ya kutoa hela anajiuliza "huyu yupo kweli?" Kama wewe ni mmoja wao, twende.

Anza na daftari

Usianze na fundi. Anza na daftari la kurasa 40 na peni, weka kaunta, na kwa wiki moja kila anayepiga simu au kutuma meseji andika swali lake la kwanza. Swali tu, sio jina lake. Mimi nilifanya hivyo nikapata mistari arobaini na kitu, ajabu yake maswali yenyewe yalikuwa matano yanazunguka. Bei ya gunia leo ngapi. Mnatuma mkoani? Mko wapi hasa. Kiwango cha chini ni kilo ngapi. Na lililoongoza, wengine hata salamu wanaruka: wana mchanga?

Kwa asiyejua, dagaa wetu wengi wanaanikwa chini, na wakianikwa chini kwenye mchanga ndo unapata ile krekre mdomoni ambayo imetuharibia jina kanda ya ziwa nzima. Wanaoanika juu kwenye chanja, zile meza za wavu, dagaa wanatoka safi na bei inakuwa juu. Mimi nauza wa chanja. Miaka mitatu nilikuwa naposti picha za pakiti yenye nembo nzuri, watu wanapenda, wanaweka vimoyo, alafu wanapiga kuuliza kama wana mchanga. Picha moja tu ya chanja asubuhi, dagaa wametandazwa juu ya wavu na chini unaona hewa inapita, ndo ilimaliza hilo swali. Na iko juu kabisa ya websaiti yangu mpaka leo, nembo nimeipeleka chini huko.

Ukishakuwa na maswali yako matano, websaiti umeshaiandika, bado kuijenga. Peji moja inatosha kuanzia. Mtu akikuambia biashara ya miezi miwili inahitaji kurasa kumi na tano na "dira na dhamira", muage kwa heshima.

Jina, na hapa tusikilizane vizuri

Domeni ni lile jina ambalo mtu anaandika kukufikia. Siku unayoenda kuangalia jina la biashara BRELA, wale wa serikali wanaosajili biashara, kama liko wazi, siku hiyohiyo, kabla hujala mchana, angalia na domeni yake. Nimeona watu wamesajili jina, wamechapisha mabango, wamepaka rangi fremu pale Makoroboi, wanakuja kutafuta domeni wanakuta imeshachukuliwa na mtu wa nchi nyingine anauza viatu.

Chagua jina unaloweza kulitaja kwenye simu mara moja na mtu akaliandika bila kuuliza. Hapa Mwanza tuna mtihani wetu wenyewe, tusidanganyane, sisi Wasukuma L na R zinapishana njiani. Ukijiita Malaika utaandikiwa Maraika, ukijiita Rulenge utatafutwa Lulenge. Ama chagua jina lisilo na hizo herufi ama nunua yote mawili, la pili unalielekeza kwa la kwanza, ni mpangilio wa dakika tano kwenye akaunti ya domeni. Pia domeni ya kawaida inapokea herufi, namba na kistari basi, kwahiyo ile alama ya ng' haiingii. Ukitaka Ng'wanza ujue itaandikwa ngwanza. Na kistari chenyewe usikitumie, huwezi kukitamka.

Mwisho wa jina uweke .co.tz au .com? Majina ya .tz yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hapa nyumbani, unanunua kupitia msajili aliyeidhinishwa, wapo wengi na unalipa kwa simu. Kwa anayeuza ndani ya nchi napendelea .co.tz kwa sababu moja, mteja wa Tabora akiiona anajua huyu ni wa hapahapa. Kama unahudumia watalii chukua na .com. Bei ya jina la kawaida kwa mwaka ni kama kuku wawili watatu wa kienyeji, kwahiyo usikae unawaza mwezi mzima.

Alafu jambo ambalo kama hutasoma kingine humu soma hili. Domeni isajiliwe kwa jina lako na imeili yako. Isiwe ya fundi, wala ya shemeji anayejua kompyuta, wala ya yule kijana aliyekuwa field ofisini kwako. Jamaa mmoja ninayemfahamu ana gesti huku Buzuruga, alimlipa fundi kila kitu kwa mkupuo, fundi akanunua domeni kwa akaunti yake mwenyewe pamoja na za wateja wengine. Sio kwamba alikuwa mwizi, alikuwa anarahisisha kazi. Mwaka ukapita fundi akahamia Dar, simu ikabadilika, domeni ikaisha muda, gesti ikapotea mtandaoni msimu ambao inajaa. Kuirudisha alitakiwa athibitishe ni ya kwake, na kwenye kumbukumbu za usajili jina lake halikuwepo hata kama herufi moja. Akaanza upya na jina lingine, na mabango akachapisha upya.

Kuangalia yako ni rahisi. Nenda sehemu ya kutafutia kumbukumbu za usajili, inaitwa WHOIS, wasajili wengi wanayo kwenye websaiti zao, andika domeni yako uone tarehe ya mwisho na msajili ni nani. Jina la mmiliki saa nyingine linafichwa, basi njia ya uhakika ni hii: muombe fundi akupe nywila ya akaunti iliyonunua domeni, uingie mwenyewe, ubadilishe imeili iwe yako. Akianza "usijali bosi, mimi nitakushughulikia kila kitu" hapo ndo pa kujali. Muombe namba ya siri ya kuhamishia domeni uihamishie kwa akaunti yako. Ni haki yako, umelipia.

Kujenga

Hapa sitakaa sana maana njia ni nyingi. Unaweza kujenga mwenyewe kwa WordPress, programu ya bure iliyoanza 2003 na inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani, faida yake ni kwamba fundi mmoja akikuchoka unapata mwingine kesho. Utahitaji hostingi, yaani sehemu ya kuhifadhia mafaili ya websaiti. Ama umtumie fundi. Vijana wapo wazuri tu, waliomaliza vyuo hapahapa mjini, na wengi bei zao ni za kuzungumzika. Mlipe kwa awamu, nusu kuanza na nusu baada ya wewe mwenyewe kuweza kubadilisha bei ya bidhaa moja bila msaada wake. Hicho ndo kipimo changu. Kama siwezi kubadilisha bei mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi nikiwa mwaloni, kazi haijaisha, na nusu yake ya pili inabaki mfukoni kwangu.

Muulize pia mwaka wa pili ni shilingi ngapi. Hostingi nyingi mwaka wa kwanza wanakupa bei ya kukuvuta, wa pili inapanda unashtuka. Andika zote mbili.

Kwenye picha ndo watu wanaharibu. Kwanza achana na picha za kupakua mtandaoni, wazungu wamevaa suti wanapeana mikono, wewe unauza sangara. Mteja anaona na anajua. Piga za kwako kwa simu, asubuhi kabla ya saa tatu au jioni, jua la saa sita linafanya kila kitu kionekane kimepauka. Pili, na hili ni la kiufundi kidogo ila nivumilie: picha ya simu za sasa inaweza kuwa MB 4. Ukiweka kumi, mteja anatakiwa apakue MB 40 kabla hajajua bei ya gunia, na yeye amejiunga bando la siku. Hawezi kusubiri. Punguza kila picha iwe na upana wa pikseli kama 1,200 na uzito usizidi KB 200, kuna kifaa cha bure cha Google kinaitwa Squoosh kinafanya kazi hapohapo kwenye simu, unaburuta unaona picha mbili kushoto na kulia, macho hayaoni tofauti lakini uzito umeshuka mara ishirini.

Alafu usiipime websaiti yako ofisini kwa fundi kwenye waifai. Chukua simu ya bei rahisi kuliko zote nyumbani, panda nayo kivuko cha Kamanga, mkiwa katikati ya maji ifungue. Mimi nilifanya hivyo toleo la kwanza, nikahesabu, kile kiduara kikazunguka mpaka tumeanza kuona watu wa upande wa pili wamesimama na mizigo. Nimeshuka Kamanga bado picha ya tatu haijaja. Siku hiyohiyo nikampigia fundi tukatoa ule mchezo wa picha zinazoteleza zenyewe, sijui nani aliwaambia watu kwamba websaiti bila picha zinazoteleza sio websaiti.

Linki ya WhatsApp usiikose. Usiandike namba tu ambayo mtu aikopi, aihifadhi, ndo atume. Tengeneza hivi: wa.me/ alafu namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukitaka uongeze ?text= na maneno ambayo mteja ataikuta yameshaandikwa, nafasi kati ya maneno unaandika %20. Ya kwangu akibonyeza inafunguka na "Habari, naulizia dagaa wa chanja, niko mkoa wa" basi yeye anamalizia mkoa. Hapo kabla sijajibu najua basi gani la kuuliza nauli ya mzigo, stendi ya Nyegezi au ya Nyamhongolo.

Na kwenye malipo, andika jina linalotokea mtu akiingiza lipa namba yako. Namba yenyewe ukitaka iweke, ukitaka mtumie, ila jina liandikwe wazi: "ukiona jina tofauti na hili usilipe, piga simu." Sentensi hiyo ingekuwepo sehemu ambayo mwizi hawezi kuibadilisha, yule mteja wa Dodoma hela yake asingepoteza.

Maelekezo ya kufika andika kama unavyomuelekeza mtu kwenye simu. Sio "kitalu namba fulani", sema ukishuka daladala wapi, upande wa ziwa au wa mlima, ukiulizia nani utaonyeshwa. Na mambo yakibadilika badilisha. Juzi nimefungua ukurasa wa loji moja ya huku wanasema bado "jipangie muda wa kusubiri kivuko Kigongo". Mgeni anayesoma hivyo anajiuliza hawa kama hawajui kuna daraja, shuka wamebadilisha lini?

Google sasa

Websaiti ikishasimama haimaanishi watu wataiona kesho. Fungua Google Business Profile, ni bure, ndo inayokuweka kwenye ramani na kile kiboksi chenye picha, saa za kazi na maoni ya wateja. Watakutaka uthibitishe, siku hizi mara nyingi ni kwa video fupi ya eneo lako, unaonyesha barabara, bango, unaingia ndani unaonyesha biashara inafanyika. Fanya mchana, na bango liwe na jina lilelile uliloandika, likitofautiana wanakurudisha mwanzo. Alafu weka linki ya websaiti humo. Baada ya hapo fungua Google Search Console, bure pia, inakuonyesha watu waliandika maneno gani mpaka wakakuona.

Na maneno hayo ndo dhahabu yenyewe. Mimi nilijaza ukurasa wangu "bidhaa bora za mazao ya uvuvi", nani anatafuta hivyo? Watu wanaandika "dagaa wa mwanza bei ya jumla", "dagaa wa chakula cha kuku", "kayabo inauzwa wapi", yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi. Hicho cha chakula cha kuku sikuwa nimekiwaza kabisa, nilikuwa nahangaika na akina mama wa pakiti, kumbe wafugaji wapo wanachukua magunia kila mwezi na wao mchanga hauwasumbui kivile. Nikaongeza aya moja inayowasema wao. Sasa hivi hao ndo wanaonilipia kodi ya stoo.

Mtu akikuahidi kukuweka wa kwanza Google ndani ya siku saba, mwambie asante, chai imeisha. Inachukua wiki, wakati mwingine miezi, na hakuna mwenye funguo.

Lugha: andika Kiswahili kwanza, tena hichi tunachoongea. Kama una loji au unapeleka watu kisiwa cha Saanane, au Serengeti kwa geti la Ndabaka, ongeza ukurasa wa Kiingereza na uandikwe na mtu anayekijua, usitafsiri kwa mashine ukaacha hivyohivyo. Mimi kuna mtu alinishauri niweke Kifaransa kwa ajili ya wateja wa Kongo. Mteja wangu wa Goma anaongea Kiswahili na kupatana bei kunizidi mimi, nikaachana nayo.

Vitu vidogovidogo vya usalama nitavitaja haraka. Anwani yako ianze na https, tangu Julai 2018 Chrome inawaambia watu waziwazi kwamba websaiti isiyo nayo sio salama, na cheti cha usalama kinacholeta hiyo https hostingi nyingi wanakupa bure. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia mpaka uthibitishe na kwa simu yako, kwenye imeili yako kabla ya kitu kingine chochote, maana mwenye imeili yako ana domeni yako, ana peji yako, ana kila kitu. Nakala ya websaiti pakua mwenyewe mara moja kwa mwezi uiweke kwenye flashi. Na fomu za kujaza majina na namba za simu za watu usiziweke mwanzoni kama huna sababu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina Tume yake, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili huko na azitunze. Linki ya WhatsApp inatosha kwa kuanzia, ila ukianza kuweka orodha ya wateja ujue umeshaingia kwenye hiyo sheria, kajisajili.

Peji zako za mitandao ya kijamii usizifute hata kidogo, mimi nilifungua nyingine na naposti kila siku, watu bado wako huko. Tofauti ni kwamba saivi kila posti inamalizia na jina la websaiti, na bei sisemi huko, bei ziko nyumbani. Mtu akizoea kuja nyumbani, hata peji ikiibiwa tena kesho anajua pa kunikuta.

Tarehe ya kulipia domeni nimeiandika sehemu mbili, kwenye simu na kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, mwezi mmoja kabla. Hostingi hivyohivyo.

Na kuna kalenda nyingine ninayoifuata. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, wavuvi wengi wanapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Kwahiyo websaiti yangu inabadilika kufuata mwezi, kabisa, kuna mstari juu unasema kama sasa ni giza au mbalamwezi na mzigo unatarajiwa lini. Wateja wameshauzoea, kuna mfugaji wa Singida ananiambia anaufungua kuliko anavyofungua meseji zangu. Jana mwezi umechelewa kutoka, mitumbwi imeanza kuingia majini, kesho alfajiri nikitoka mwaloni na bei mpya nakaa juu ya gunia palepale nabadilisha.